Jiko la Kuni Hemani: Usiku wa Baridi Kabazi

Mkaazi wa Pwani akisikia kwamba Kabazi iko karibu na mstari wa ikweta, hudhani nchi ile ina joto kama kwetu, au hata zaidi. Sivyo. Mji wa Nakuru wenyewe umeinuka mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwenye kwenda Kabazi hupita Bahati akielekea upande wa Subukia, katika nchi ya vilima, mahindi na mikaratusi. Mwezi wa Julai, jua likishakuchwa, mtu huiona pumzi yake mwenyewe ikimtoka kinywani.

Tulikwenda huko kumzuru binti wa jamaa zetu wa Mombasa aliyeolewa katika nyumba moja ya Kiislamu na ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia mtoto. Nyumba ilikuwa ndogo, wageni wengi. Mimi nilipewa kitanda kwa jirani. Mabibi walipigiwa hema la turubai uani, na baba mkwe wa binti akawawekea ndani yake jiko la kuni.

Nilimtazama akifanya kazi ile tangu baada ya Alasiri. Alichimba udongo kidogo, akapanga mawe bapa, na juu yake akaliweka jiko la bati nene lenye miguu mifupi, mbali na kuta za hema na matandiko. Bomba la moshi halikugusa turubai hata kidogo: lilipita katikati ya kipande kipana cha bati kilichoshonewa ukutani, likapanda hadi juu ya kilele cha hema ili cheche zisiangukie kitambaa. Mlango wa hema aliuelekeza upande usiopigwa na upepo, akaacha nafasi chini yake na tundu jingine juu. Kuni alizochagua ni za muwati zilizokauka vyema. Za sipresi alizitupa kando, maana hurusha cheche. Karibu na mlango akaweka ndoo ya mchanga. Turubai la pamba, alisema, huungua polepole kidogo, bali hema la nailoni huyeyuka likamwangukia aliyelala. Humo jiko halifai kabisa.

Elimu hiyo hakuipata kwa starehe. Mwaka 2008, watu waliofukuzwa makwao walipojaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, yeye na watoto wake walikuwa miongoni mwao, wakilala hemani.

Bibi yake mzazi, mama wa makamo ya juu na mwenye kauli, hakupendezwa na shughuli yote hii. "Mzee," alisema, "kuni zina moshi. Tuletee makaa yaliyokolea katika jiko la kawaida, tufunge mlango, tulale."

"Mama, niwie radhi," akajibu mzee. "Moshi unaouona utakutoa nje ukikohoa. Usiouona hukulaza."

"Sisi Pwani tumefukizwa kwa makaa arubaini nzima, na tumezaa na kulea."

"Nyumba zenu za zamani, mama, zilikuwa na paa la makuti. Makuti yanapumua. Turubai lililofungwa halipumui."

Mzee alisema kweli, na wataalamu wa tiba wanamuunga mkono. Makaa yanayowaka mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa hewa ilhali mtu anavuta pumzi kama kawaida. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Anayeonekana hivyo hutolewa nje upesi na kupelekwa hospitali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na Bukhari na Muslim wote wawili wamelipokea katazo hilo. Masheikh wetu walitutajia panya anayeburuta utambi wa taa akaunguza nyumba. Nami naona katazo ni pana kuliko panya, hasa leo ambapo wengi wetu Mombasa tunaishi katika vyumba vya zege na madirisha ya vioo yaliyofungwa, na bado tunaweka makaa chini ya kitanda cha mzazi.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Chumba alicholala mjukuu wangu na mtoto kina dirisha?"

Kilikuwa nalo, dogo, nalo lilikuwa limezibwa kwa blanketi kwa ajili ya baridi. Jiko la makaa lilikuwa tayari limeingizwa chini ya kitanda. Aliinuka mwenyewe, akaenda, akalitoa hadi uani na kuliondoa lile blanketi. Mzazi akafungiwa nguo zilizopashwa moto na kuwekewa chupa za maji moto miguuni.

Baada ya Isha mzee aliuacha moto wa hemani ufe, akafukia makaa yaliyosalia kwa mchanga. Birika lilibaki juu ya bati, na alfajiri mabibi walikuta maji ya kutawadhia yana uvuguvugu.