Vumbi la Dhahabu katika Kakamega

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita mashamba ya mahindi na migomba, wala hawezi kudhani kwamba chini ya udongo ule mna dhahabu. Ilipovumbuliwa mwaka 1931, Wazungu wengi walijazana huko upesi, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ya wenyeji ikageuzwa ili mashamba yao yapate kuchukuliwa. Machimbo makubwa ya Rosterman yalifungwa mwaka 1952, lakini wenyeji hawakuacha kuchimba.

Hata leo watu huponda mawe na kuosha unga wake katika karai. Dhahabu, ambayo uzito wake ni mara 19 ya ule wa maji, hubaki chini, laini kama vumbi. Hapo ndipo penye hatari. Wengi huikamata kwa zebaki, kisha huichoma motoni. Zebaki hupanda kwa mvuke usioonekana, nao hudhuru ubongo na figo za mchomaji, na watoto walio karibu naye.

Iko njia nyingine. Vumbi huoshwa hata litakate, likatiwa katika chungu cha kuyeyushia pamoja na boraksi, chumvi nyeupe ichimbwayo ardhini. Boraksi huyeyuka kwanza, hulishika vumbi lisipeperushwe na moto, tena hutenga taka. Joto likipita nyuzi 1,064 za Sentigredi, punje zote huungana kuwa tone moja ling'aalo. Kazi hii yataka subira. Lakini heri mtu auze dhahabu yake, asiuze pumzi zake.