Safari ya Lolgorien, Alikolala Padre Kaiser

Ukitoka Nairobi kwa basi la Nakuru utateremka Bonde la Ufa, uone chini ziwa la Naivasha liking'aa kama kioo. Ukiisha kuupita mji wa Naivasha utafika njia panda ya Morendat. Hapo, asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000, maiti ya Padre John Kaiser ilikutwa kando ya barabara, karibu na gari lake, amepigwa risasi kichwani.

Alikuwa Mmarekani wa Minnesota, mmisionari wa Mill Hill. Alikuja Kenya mwaka 1964, akakaa Kisii miaka mingi akijenga makanisa kwa mikono yake.

Sasa tugeuke, tupite ng'ambo ya ziwa mpaka Maela. Huku walikimbilia maelfu ya watu waliofukuzwa mashambani mwao Enoosupukia mwaka 1993. Padre Kaiser alikaa nao kambini. Mwisho wa mwaka 1994 kambi ilibomolewa, watu wakapakiwa malorini usiku, naye akaondolewa kwa nguvu. Hakunyamaza. Mwaka 1999, mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi, aliwataja wakubwa kwa majina. Mwaka huohuo serikali ilitaka aondoke nchini. Kanisa likamtetea, akabaki.

Kutoka huko tushike njia ya Narok, safari ndefu, hata tufike Lolgorien, parokia yake ya mwisho. Asidhani mtu kwamba alitetea kabila moja. Hapa katika nchi ya Wamasai aliwasimamia wasichana waliolalamika kwamba mtu mkubwa amewatendea uovu. Na hapa ndipo alipozikwa.

Wapelelezi wa Marekani walisema kwamba alijiua mwenyewe. Maaskofu na waamini walikataa, wakadai kesi isikilizwe hadharani. Mwaka 2007 hakimu wa Kenya alitamka kwamba Padre aliuawa. Lakini aliyemwua hajahukumiwa.

Wazee husema: njia ya mwongo ni fupi. Njia ya msema kweli ni ndefu, tena ina miiba. Padre Kaiser aliijua, akaifuata. Nasi vijijini mwetu tunawaona wajane na yatima wakinyang'anywa mashamba. Je, tunasema?

Ukifika Lolgorien, piga goti kaburini. Sali Baba Yetu moja kwa ajili yake, na moja kwa ajili ya wale wa Maela.