Tulivuka Chalbi kumfuata baba watoto

MWANANGU wa kwanza alipotimiza umri wa miaka 15 aliniambia neno lililoninyima usingizi. Tulikuwa jikoni nyumbani kwetu Thika, simu ikalia. Nikamwambia, "Njoo umsalimie baba yako." Akanijibu bila kuinua macho, "Mwambie sijambo. Tutaongea akija."

Baba yake ni mwalimu wa shule ya upili North Horr, kaunti ya Marsabit, ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Alihamishiwa huko mwaka wa 2018. Huja nyumbani shule zikifungwa, na siku za likizo hupunguzwa na njia. Msomaji, bila shaka unazijua familia za namna hii. Huenda hata yako ni mojawapo. Nyumba iko mahali, mama na watoto wako ndani, na baba ni sauti ya simu ya saa mbili usiku.

Kisa cha mvulana kununa nakijua. Aprili mwaka jana alishinda zawadi ya hesabu shuleni kwao. Baba aliahidi kuhudhuria sherehe. Kiti chake kilibaki kitupu, naye akaja kufika baada ya siku tano, amechoka na ana udongo hadi masikioni. Alieleza kwamba gari lilikwama. Mvulana akasema, "Sawa," na toka siku hiyo akawa mtu wa "sawa" tu.

Basi likizo ya Agosti ilipofika nikakata shauri: safari hii hatumngoji, tunamwendea. Kaka yangu akajitolea kutuendesha katika Landkruza yake kuukuu. Nikawapakia watoto, yule mvulana na dada yake wa miaka 9, pamoja na mitungi ya maji, unga, na vitunguu. Katika mkoba wangu nilitia fomu ya kuomba uhamisho ambayo nilikuwa nimekwisha kuijaza yote. Ilibaki sahihi ya mwenyewe.

Lami hadi Marsabit

Tuliondoka alfajiri. Ukipita Nanyuki na kufika Timau, mashamba ya ngano yako kila upande na baridi inauma. Kisha barabara inaanza kuteremka kuelekea Isiolo, na kwa muda usiofika saa moja mnavua masweta yote. Mbele yenu nchi inafunguka, tambarare ya rangi ya kahawia isiyo na mwisho.

Kilomita kama 35 kutoka Isiolo ni Archers Post, kwenye mto Ewaso Nyiro. Hapo kuna mbuga tatu zilizopakana: Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Tulilipa kiingilio tukazunguka Samburu jioni hiyo. Kuna wanyama ambao mtu wa kusini hawaoni kwao: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio ya duara, twiga mwenye madoa kama wavu, choroa wa pembe ndefu, mbuni wa miguu ya kibuluu, na swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu. Bintiyangu alicheka hadi machozi yakamtoka alipomwona swala huyo.

Askari wa mbuga alitusimulia habari ya Kamunyak, simba jike aliyevuma duniani mwaka wa 2002. Alimwokota ndama wa choroa, na badala ya kumla akamlinda kwa muda wa wiki mbili hivi. Shida ni kwamba simba hana maziwa ya choroa, na wala hakuweza kumwacha ili aende kuwinda. Wote wawili wakadhoofika. Mwishowe simba dume akamla ndama. Bintiyangu aliuliza, "Si angeenda tu kuwinda kisha arudi?" Hakuna aliyemjibu. Kaka yangu alinitupia jicho kwenye kioo, nami nikageukia dirishani.

Siku ya pili tulishika njia ya Marsabit, kiasi cha kilomita 260 kutoka Isiolo. Waliowahi kuipita zamani watakumbuka mawe, vumbi na misafara ya malori iliyosindikizwa na polisi. Siku hizi ni lami tupu hadi Moyale, kwani barabara hiyo ilikamilika katika miaka ya 2010. Mlima Ololokwe unasimama kando kama mkate uliokatwa kwa kisu. Baada ya Laisamis miti inazidi kuwa mifupi, halafu ghafla, katikati ya ukame, unaona mlima uliojitanda mawingu. Huo ndio Marsabit.

Mbuga ya Taifa ya Marsabit ni msitu wa mvua na ukungu uliozungukwa na jangwa pande zote. Ndani yake kuna mashimo ya volkeno, na katika mojawapo ni ziwa linaloitwa Paradise. Humu ndimo alimoishi Ahmed, ndovu wa pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda dhidi ya wawindaji, na akalindwa hadi alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu yake ingali Makavazi ya Taifa, Nairobi. Tulilala Marsabit chini ya blanketi mbili.

Alama za magurudumu

Kutoka Marsabit hatukuthubutu kwenda peke yetu. Tulimpata mzee mmoja wa Kigabra, dereva wa malori wa miaka mingi, akakubali kutuongoza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuhesabu magurudumu yetu ya akiba. Tulikuwa na moja. Akatikisa kichwa, akatupeleka kununua la pili.

Mlima unateremka, mawe meusi yanatanda, halafu mnapita Maikona na mnaingia Chalbi yenyewe. Sijui niilinganishe na nini. Ni uwanda mweupe wa chumvi na udongo uliokauka, sawa kama meza, mahali palipokuwa ziwa zamani za kale. Hakuna mti wala kilima. Mazigazi yanacheza mbele yenu hata mnaapa kwamba yale ni maji na ile ni minazi. Bintiyangu aliyahesabu maziwa saba, na hata moja halikuwako.

Katikati ya uwanda mzee alisema, "Simama." Tukashuka. Pale chini palikuwa na mifereji miwili iliyochimbika hadi magotini, imekauka ikawa migumu kama saruji. Kandokando yake kulikuwa na nyayo za watu wengi, vipande vya magunia na matawi yaliyopondwa.

"Hapa lori lililala siku nne," mzee akasema. "Mvua ikinyesha Chalbi hurudi kuwa ziwa. Juu unaona pamekauka, chini ni uji. Abiria walichimba kwa mikono."

Mvulana akauliza, "Lini?"

"Aprili ya mwaka jana. Shule zilikuwa zimefungwa, walimu walikuwa wakienda kwao."

Mwanangu hakusema neno. Alichutama, akatia mkono ndani ya ule mfereji, akaupima kwa shubiri. Nilitaka kusema kitu, kaka yangu akanishika bega, nikanyamaza. Kama lori lile lilikuwa la baba yake au jingine, hatukuwa na namna ya kujua.

Mbele kidogo, karibu na chemchemi za Kalacha, tulikutana na familia ya Wagabra ikihama. Ngamia walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, kengele za mbao zikigonga shingoni. Nguzo za nyumba zilikuwa zimepindwa juu ya mgongo wa ngamia zikafanya kama susu kubwa, na ndani yake, juu ya mikeka na ngozi, alikaa mtoto mdogo pamoja na mwana-mbuzi. Mama alitangulia akiwa ameshika kamba. Kwa Wagabra mwanamke ndiye ajengaye nyumba, ndiye aivunjaye na ndiye aipakiaye.

"Sisi, mama, nyumba haibaki nyuma," mzee aliniambia. "Maji yakihama, nyumba huhama."

Maneno hayo yalinichoma. Nikamwambia kwamba wao wana bahati, watoto wao hawaachani na baba zao. Mzee akacheka kidogo. "Nani kakuambia? Kijana kama huyu wako angekuwa fora." Akatueleza kwamba fora ni kambi ya mbali ya mifugo, wanakoishi vijana na ngamia kwa miezi mingi, bila mama wala nyumba.

"Na mama zao?" nikauliza.

"Wanalia. Halafu wanasonga mbele na kazi. Akirudi, hapewi lawama. Anapewa maziwa kwanza."

Kabla ya North Horr tulipata pancha. Mzee hakushika jeki. Alimpa mvulana spana, akasimama kando akimwelekeza kwa kidole. Kazi iliyomchukua mzee dakika kumi, mwanangu aliifanya kwa dakika arobaini, lakini aliimaliza.

Mwalimu wa watu

Tulifika magharibi. Baba watoto alikuwa amesimama kando ya njia tangu alasiri, amezungukwa na watoto wa mji wakimwita "Mwalimu! Mwalimu!" Nilimwona mvulana wangu akiwatazama watoto wale. Kisha akashuka, mikono yake ingali myeusi kwa grisi, akasema, "Shikamoo, Baba. Tumepata pancha. Nimebadilisha mimi."

Baba yake akaushika ule mkono mchafu, akautazama pande zote mbili. "Marahaba," akasema. "Umekaza nati zote?" Wakarudi pamoja kuzikagua. Huo ndio uliokuwa upatanisho wao, wala sikusikia mwingine.

Siku mbili baadaye tuliondoka sote, mwalimu akiwa kiti cha mbele, kwenda Sibiloi. Mbuga hii ya taifa ilianzishwa mwaka wa 1973 kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, na njia yake ni mawe na mchanga tu. Thawabu yake ni ziwa lenyewe, kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani, likimeta kwa rangi ya kijani huku mamba wameota jua ufuoni. Kuna miti iliyogeuka mawe, mashina yamelala chini kana kwamba yaliangushwa jana. Koobi Fora, iliyo humo mbugani, ndiko Bernard Ngeneo wa kikundi cha Richard Leakey alikopata mwaka wa 1972 fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi yapata miaka milioni 1.9 iliyopita. Kaskazini kidogo, Ileret, watafiti walitangaza mwaka wa 2009 kwamba wamepata nyayo za watu waliotembea kwenye matope miaka milioni 1.5 iliyopita.

Baba yao alipokuwa akiwaeleza hayo, mvulana akamkatiza: "Kwa hivyo matope yakikauka, alama haziondoki." Akamweleza habari ya ile mifereji ya Chalbi. Baba yake akauliza iko upande gani. Kisha akasema, "Basi ndilo lile." Hakuongeza neno, na mwanangu hakuuliza zaidi.

Usiku huo, upepo ukivuma kama unataka kung'oa hema, nilimpa ile fomu. Aliisoma kwa tochi mara mbili. Akaniambia kwamba ana watahiniwa wa Kidato cha Nne, na mwalimu mwingine wa somo lake hayuko. "Ningoje wamalize Novemba." Nilikasirika, sitakuficha msomaji. Nilimwambia kwamba nyumbani nako kuna watahiniwa wake wawili. Akanyamaza muda mrefu, kisha akatia sahihi. Tarehe hakuiandika.

Ukitaka kwenda

Nenda wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba au Januari na Februari. Usiikanyage Chalbi baada ya mvua hata kama juu pamekauka. Chukua gari la magurudumu manne yenye nguvu, magurudumu mawili ya akiba, mafuta ya ziada na maji mengi kuliko unavyodhani. Ulizia hali ya usalama kwa polisi wa Marsabit kabla ya kuondoka, na uandamane na mwenyeji. Kurudi unaweza kupita Loiyangalani, South Horr na Maralal, kama tulivyofanya sisi baada ya kumrudisha mwalimu kazini kwake. Njia hiyo hupita kwenye mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, iliyozinduliwa mwaka wa 2019. Nyaya zake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mvulana wangu alizifuata kwa macho hadi zikapotea.

Sasa tuko nyumbani. Fomu iko kwa mwenyewe, nami sijui ataipeleka lini. Nina hasira kidogo na heshima kubwa kuliko niliyokuwa nayo, na nimejifunza kuziweka zote mbili katika nyumba moja.

Juzi saa mbili usiku simu ililia nikiwa nakaanga vitunguu. Mvulana aliichukua kabla sijamwita. Hakungoja hata salamu imalizike.

"Baba," akauliza, "Chalbi kumenyesha?"