Vifuniko

Julai, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi, na maji ya mfereji ni kama yametoka kwa friji. Nikijisahau nikanawa nayo, vidole vinageuka vyeupe kama chaki, halafu bluu, halafu vyekundu. Kwenye wekundu ndipo uchungu huingia. Madaktari huita hali hiyo Raynaud. Mamangu huuliza tu, “Vimeanza tena?”

Vidole vilitangulia, skleroderma ikafuata. Jina limetoka kwa Kigiriki: ngozi ngumu. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, kolajeni inazidi, ngozi inakazwa kama ya ngoma. Watu huniambia, “Aki wewe huzeeki! Unajipaka nini?” Mafuta ya mgando tu, jamani. Kikunyanzi kitajikunjia wapi?

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Mtihani ulikuwa wa kalamu, na kalamu ilikuwa inaniponyoka. Niliomba muda wa ziada, nikaambiwa nilete barua ya daktari. Barua ilipopatikana, muhula ulikuwa umeisha. Siku hizi naandika kwa kuongea na simu. Nikisema “ngozi” inaandika “ngazi”.

Tiba ya kuumaliza ugonjwa huu hakuna, kwa hivyo tunauchunga. Nifedipini ili damu ifike vidoleni. Omeprazoli ya kiungulia, na matofali mawili chini ya kitanda upande wa kichwa ili asidi isinipandie usiku. Presha najipimia nyumbani, maana figo zinaweza kushambuliwa ghafla, na presha ikiruka ndiyo mara nyingi hukuambia. Chapati naikata vipande vidogo kwa sababu mdomo haufunguki kama zamani.

Hayo yote nimeyazoea. Kitu sijazoea ni kusema “nifungulie”. Mwaka jana tuligombana na mama juu ya chupa ya maji. Nilimwambia mimi si mtoto, aniache nipambane nayo. Akaniacha. Nilipambana nayo mpaka ngozi ya kifundo ikapasuka, na kidonda kidogo hivyo kilikaa miezi miwili.

Wiki iliyopita, mama akiwa kazini, nilienda kujitengenezea chai. Kopo la sukari lilifunguka kwa kiganja. La majani pia. Mafuta, chumvi, hata chupa ya dawa: kila kifuniko kilikuwa kimewekwa juu tu. Na sukari ilikuwa imejaa sisimizi.

Jioni nikamuuliza hao sisimizi wameingiaje.

“Hata mimi nashangaa,” akasema, bila kunitazama.

Nilichukua kijiko nikaanza kuwatoa mmoja mmoja.