Vifuko Nilivyodhani ni Mayai

Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika kazi ya ubwana shamba, wilayani Kilosa, nilipomwambia mama mmoja apulizie dawa nyasi zote zilizozunguka shamba lake la mahindi. Nilikosea, na nilipojua nimekosea nikanyamaza. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Mahindi yake yalikuwa yameanza kuonyesha ugonjwa wa milia. Mwenezaji wa ugonjwa huo nilimjua vizuri: chawa-jani, mdudu wa milimita tatu hivi, anayefyonza jani lenye virusi kisha akaruka kwenda kuuambukiza mche mwingine. Chuoni tulisoma kwamba H. H. Storey, akiwa Amani kule Usambara miaka ya 1930, aliwatoboa utumbo chawa-jani wasioweza kueneza virusi hivyo, nao wakaanza kuvieneza. Kisa hicho nilikipenda mno. Adui nilimjua mpaka utumboni. Adui wa adui sikumjua.

Nikapitisha wavu kwenye nyasi za mpakani. Waliingia chawa-jani wengi, na kadhaa walikuwa na kifuko cheusi kimetokeza tumboni, kama punje ya ulezi. Nikasema hao ni majike wenye mayai, tukichelewa wiki moja shamba limekwisha. Mama akamweka mmoja kiganjani, akamtazama kwa muda.

"Bwana shamba, hawa wenye vifuko hawaruki kama wenzao. Mbona kama wanaumwa?"

Nikamjibu kwamba ni uzito wa mimba. Hakubisha. Kesho yake alinunua dawa.

Wanne wenye vifuko nilikuwa nimewatia kwenye chupa pamoja na nyasi, niwaonyeshe wakulima wengine. Siku ya tatu kifuko kimoja kilipasuka. Hakikutoa mayai. Alitoka funza mmoja mweupe, mnene, akamwacha chawa-jani gamba tupu, kisha akajisokotea nyumba ya hariri kwenye jani. Wiki kadhaa baadaye nikakuta chupani kitu kama sisimizi. Nikachukua lenzi: alikuwa nyigu jike asiye na mabawa, miguu yake ya mbele imeishia kwa koleo. Ni nyigu wa jenasi ya Gonatopus. Humkamata chawa-jani kwa koleo hizo, humchoma mwiba akalegea kidogo, humtagia yai, humwachia. Chawa-jani huinuka akaendelea kula, naye analiwa. Wengine nyigu huwala papo hapo.

"Sisimizi" wa namna hiyo nilikuwa nimewaona wavuni siku ile. Niliwakung'uta chini, tukawapulizia dawa.

Chawa-jani wapya wataruka kutoka mashamba ya jirani. Nyigu asiye na mabawa harudi upesi hivyo.

Nilipaswa kwenda kwa yule mama siku hiyo hiyo. Nilijiambia msimu umekwisha, nikawa napita njia nyingine. Msimu uliofuata alinunua dawa tena bila kuniuliza, akawafundisha na majirani wawili. Hapo ndipo nilipokwenda, nikakaa kwenye kigoda uani kwake, nikamweleza yote. Alinyamaza, akaendelea kupeta mchele, kisha akasema, "Mwanangu, ile hela ilikuwa ya sare za watoto."

Mkulima mwenzangu, na wewe bwana shamba unayeanza kazi: ukimkuta chawa-jani aliyebeba kifuko tumboni, mwache alipo.