Alhamisi ile, Ocean Road

Redio ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, ndogo, antena yake imeungwa kwa plasta ya hospitali. Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999, sauti ya Rais Mkapa ilipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia huko London, nilikuwa namkanda mama miguu kwa mafuta ya nazi. Mwalimu alikuwa na kansa ya damu. Nje watu walianza kulia. Wodini hakulia mtu. Neno ambalo nchi nzima ilikuwa inajifunza kulitamka, wanawake wale walikuwa wanalala nalo na kuamka nalo.

Nilikuwa na miaka 19, nimetoka Pangani kumuuguza. Mama alikuwa amekatwa titi la kushoto, akatundikiwa dripu za ile dawa nyekundu kama sharubati mpaka nywele zikamwisha kichwani, na sasa alikuwa wiki ya tatu ya mionzi: Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili anapumzika. Wakati huo Ocean Road ilikuwa na miaka mitatu tu tangu sheria ya mwaka 1996 iifanye taasisi inayojitegemea ya saratani. Lile jengo la zamani linalotazama bahari lilijengwa na Wajerumani karne ya 19, na Robert Koch mwenyewe alifanyia humo baadhi ya kazi zake za malaria. Hayo niliyajua baadaye. Siku zile nilichojua ni foleni ya mashine na upepo wa alasiri.

Kule nyumbani ugonjwa haukuitwa jina. Ulikuwa “ule uvimbe”, kisha “mambo ya watu”. Na hao watu walikuwa mtu mmoja, shangazi yangu, dada wa baba, aliyewahi kugombana na mama kwa ajili ya minazi saba ya urithi. Kabla ya hospitali tulishazunguka kwa mafundi wawili wa uganga, na wote wawili walitaja mwanamke wa karibu, mweupe, mwenye kinyongo. (Mpaka leo sijaona fundi akitaja mtu wa mbali.) Mama aliyabeba maneno hayo hadi Dar es Salaam. Usiku maumivu yakimshika, hakuwa akiniuliza dawa iko wapi. Alikuwa akiuliza, “Nimemkosea nini?”

Kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Songea, Mkatoliki, na rozari yake ya mbao iliyolainika kwa kushikwa. Walianza urafiki wao kwa ugomvi juu ya Nabii Ayubu. Mama alikuwa akijishika kichwa kitupu na kusimulia habari za mke wa Ayubu, tunayemwita Sitti Rehema, aliyeuza misuko yake ya nywele ili apate mkate wa kumlisha mumewe mgonjwa. Yule mama wa Songea akainuka kwa kiwiko. “Dada, huyo si mke wa Ayubu. Mke wa Ayubu alimwambia mumewe amtukane Mungu, afe yaishe!” Mama akashtuka kwelikweli. “Lahaula! Huyo wenu mmemtoa wapi?” Wodi nzima ikacheka, na muuguzi akaja kutazama kulikoni. Tangu siku hiyo, mmoja akizidiwa, mwenzake alimuuliza, “Leo wewe ni mke yupi?”

Kulikuwa na mambo madogo yaliyomsumbua mama kuliko kifo. Walimchora kifuani mistari ya wino ya kuelekezea mashine, wakamwambia asiifute. Sasa akioga josho itakuwaje? Nilitumwa kwa shehe mmoja Kariakoo. Akanijibu bila hata kuketi: maji yakimdhuru atayamamu kwa udongo safi, na asipoweza kusimama aswali amekaa, asipoweza kukaa aswali amelala. Niliporudi na jibu hilo mama alilala saa nne mfululizo. Sijui kama daktari aliwahi kumpa dawa iliyomlaza hivyo.

Walikuja pia watu wa dini wa namna nyingine. Binti mmoja wa Mbeya, makamo yangu, aliondolewa katikati ya matibabu na mhubiri aliyemwambia kwamba ameshapona na kwamba kubaki pale ni kumdharau Mungu. Alirudi baada ya Krismasi, mkono umevimba kama mguu. Mama wa Songea alimpa rozari yake aishike. Yule mhubiri hakuonekana tena. Nimewahi kusamehe mengi, hilo bado.

Jioni ya Alhamisi ile mama alivuta msahafu wake, maana kila usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa akisoma Yasini. Bibi mmoja wa kitanda cha dirishani akamkanya: marehemu si Mwislamu, Yasini hasomewi. Mama akamjibu kwamba hamsomei marehemu, anawasomea walio hai humu ndani. Kitanda cha pili rozari ilikuwa imeshaanza. Sauti mbili, za chini, kila moja ikienda njia yake, na redio ikipiga nyimbo za maombolezo.

Alipomaliza alifunga msahafu, akauweka chini ya mto. Akanitazama.

“Mwanangu, Mwalimu karogwa na nani?”

Sikuwa na jibu.

“Mtu anapendwa na nchi nzima, anakwenda kanisani kila siku, anatibiwa Uingereza. Kaugua kama mimi. Basi huyu shangazi yako mimi namsingizia.” Akanyamaza kidogo. “Lete karatasi. Mwandikie. Mwambie namsalimu, na minazi achukue.”

Niliandika barua hiyo nikiwa nimepiga magoti, karatasi juu ya kitanda. Wanaotibu maumivu wana neno la maumivu yasiyofikiwa na sindano, na nimewasikia wakilieleza kwenye semina. Mimi niliyaona maumivu hayo yakimtoka mtu kwa barua ya mistari sita.

Kansa haikumtoka. Mama wa Songea alirudi kwao Machi 2000, tukaandikiana mara tatu, kisha kukawa kimya. Mama aliishi hadi 2004. Aliyemwosha ni shangazi.