Liboke na Kwanga: Chakula cha Njiani huko Lubunga

Mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, umekaa kando zote mbili za mto Kongo. Kati ya mitaa yake mikubwa 6, mitano iko ukingo wa kuume. Lubunga iko peke yake ukingo wa kushoto, hapo ianziapo reli ya Ubundu, mwendo wa kilometa 125 hivi. Tulivuka kwa mtumbwi, na mara tulipopanda ukingoni tulipokelewa na harufu ya pilipili na samaki aokwaye.

Chakula hicho ndicho liboke. Mpishi humpaka samaki chumvi, humtia vitunguu, nyanya na pilipili iliyopondwa, kisha humfunga katika majani mapana ya msituni na kumweka juu ya makaa. Samaki huiva kwa mvuke na maji yake mwenyewe. Huliwa kwa kwanga, yaani mkate wa muhogo, au kwa lituma, ndizi zilizopikwa na kutwangwa.

Pilipili na muhogo asili yake ni Amerika. Wareno ndio waliovileta, na leo twavihesabu kuwa vyetu. Pilipili huamsha hamu ya kula, nayo ikiwa mbichi ina vitamini C, walakini haijengi mwili. Muhogo hutia nguvu, bali protini yake ni haba mno. Ajengaye mwili ni samaki: katika gramu 100 za nyama yake mna kadiri ya gramu 18 za protini.

Tena muhogo mchungu una sumu. Kwa hiyo akina mama huuloweka siku 3 au 4 hata ulainike, ndipo huuponda, huufunga majanini na kuupika. Siku hizo zikipunguzwa, na mlaji akikosa protini, huweza kuzuka konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafula, ambao daktari Trolli aliuandikia habari huko Kwango mwaka 1938. Huwashika hasa watoto na akina mama, wala hauna dawa ya kuuponya.

Basi lipo jambo la kutafakari. Mara nyingi mkubwa hula samaki, na mtoto hupewa kwanga iliyochovywa katika mchuzi. Tumbo lajaa, mwili wabaki na njaa. Enyi wazazi, mtoto na apewe samaki kwanza. Fedha zikipungua, maharagwe, karanga au viwavi wa msituni waweza kushika mahali pake. Pilipili na iwe ya wakubwa.